Moyo na mishipa yake mikuu: pampu isiyojua likizo

Hakuna kiungo cha mwili kinachotajwa katika mazungumzo yetu kama moyo. Tunaambiana tujipe moyo, tunasema fulani amevunjika moyo, na yule asiyetoa hata senti tunasema ana moyo mgumu. Hata hivyo, ukimwomba mtu akuonyeshe moyo wake ulipo, aghalabu ataelekeza kidole upande wa kushoto kabisa, karibu na kwapa. Ukweli ni kwamba moyo umekaa katikati ya kifua, nyuma ya mfupa wa kidari, na ni ncha yake tu iliyoelekea kushoto. Ndipo tunaposikia ukigonga.

Wiki hii, msomaji, tutaangalia jinsi moyo na mishipa yake mikuu inavyofanya kazi, na jinsi inavyoharibika. Nimechagua mada hii kwa sababu moja. Mimi hutibu watu wa Kitui na Makueni, na swali linaloletwa na watoto wa wagonjwa, wengi wao wakiwa wametoka mbio Nairobi au Mombasa, ni lile lile: "Daktari, mama alikuwa mzima jana. Tuliongea naye kwa simu. Imekuwaje leo amepooza upande mmoja?" Kwa kawaida mama hakuwa mzima jana. Alikuwa mgonjwa kwa miaka kumi, ila ugonjwa wake haukuwa na sauti.

Pampu yenye vyumba vinne

Moyo wa mtu mzima ni mkubwa kama ngumi yake na uzito wake ni kama gramu 300. Umegawanyika vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Upande wa kulia hupokea damu chafu, yaani iliyokwisha kutumiwa na mwili, na kuisukuma kwenye mapafu ili ipate oksijeni. Upande wa kushoto hupokea damu iliyosafishwa kutoka kwenye mapafu na kuisukuma mwili mzima, kuanzia ubongo hadi vidole vya miguu. Kwa hivyo msuli wa chumba cha chini cha kushoto ni mnene zaidi kuliko mingine yote, maana ndio wenye kazi nzito.

Kati ya vyumba hivi, na pale mishipa mikubwa inapoanzia, kuna milango minne iitwayo vali. Kazi ya vali ni kufunguka damu ipite, kisha kujifunga ili isirudi nyuma. Zile sauti mbili ambazo daktari husikiliza kifuani ni sauti za milango hiyo ikifungwa.

Moyo uliopumzika husukuma kama lita 5 za damu kila dakika. Yaani ungeweza kujaza mtungi wa lita 20 kwa dakika nne. Kwa siku moja hiyo ni lita 7,200, sawa na mitungi 360. Msomaji aliyekulia Ukambani anajua punda mmoja hubeba mitungi minne. Basi moyo wako hufanya kila siku kazi ambayo ingemtaka punda huyo aende mtoni mara 90, bila Jumapili wala sikukuu.

Mishipa mikuu

Mshipa mkubwa kuliko yote mwilini huitwa aota. Huanzia chumba cha chini cha kushoto, hupanda kidogo, hujikunja kama mpini wa bakora, kisha huteremka mbele ya uti wa mgongo hadi karibu na kitovu, ambapo hugawanyika mara mbili kuelekea miguuni. Upana wake ni kama sentimita mbili na nusu hadi tatu. Kutoka kwenye mkunjo wake hutoka mishipa ya mikono na ile ya shingo inayolisha ubongo, na tumboni hutoka mishipa ya figo, ini na matumbo.

Matawi ya kwanza kabisa ya aota ni mishipa miwili myembamba inayouzunguka moyo wenyewe. Huitwa koronari. Watu wengi hushangaa kusikia kwamba moyo, ulio na damu tele ndani yake, hauwezi kuinywa damu hiyo moja kwa moja. Lazima uletewe kupitia mishipa hii. Mshipa mmoja wa koronari ukiziba ghafla, sehemu ya msuli wa moyo hukosa oksijeni na kuanza kufa. Hilo ndilo shambulio la moyo.

Damu hurudi moyoni kwa njia ya mishipa miwili mikubwa iitwayo vena kava, mmoja ukitoka kichwani na mikononi, mwingine ukitoka tumboni na miguuni. Kadhalika kuna mshipa unaopeleka damu kwenye mapafu, na mishipa minne inayoirudisha kutoka huko.

Yafaa ieleweke kwamba maarifa haya hayakupatikana kwa siku moja. Katika karne ya 13, Ibn al-Nafis, tabibu aliyetoka Damascus na kufanya kazi Cairo, alieleza kwamba damu hupita kwenye mapafu ili itoke upande wa kulia wa moyo na kufika upande wa kushoto. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alichapisha kitabu kilichothibitisha kwamba damu huzunguka mwilini, na moyo ndio pampu.

Presha ni nini hasa?

Damu inaposukumwa, hubana kuta za mishipa. Nguvu ya kubana huko ndiyo tunayoiita presha, au shinikizo la damu. Kila mtu anayo, na asiyekuwa nayo amekufa. Tatizo ni presha iliyopanda na kubaki juu.

Daktari husoma nambari mbili. Ile ya juu hupimwa moyo ukijikaza, na ile ya chini moyo ukijilegeza. Presha ya kawaida ni kama 120 kwa 80. Mtu akipimwa siku mbalimbali na kukutwa na 140 kwa 90 au zaidi, huyo ana ugonjwa wa presha.

Presha ikikaa juu kwa miaka, mambo manne hutokea. Kwanza, msuli wa moyo hunenepa kama mkono wa mponda nafaka, na mwishowe huchoka na kulegea. Pili, mishipa midogo ya ubongo hupasuka au kuziba, na mtu hupata kiharusi. Tatu, figo huharibika. Nne, ukuta wa aota hudhoofika na unaweza kuvimba au kuchanika. Mambo haya yote hutangulia kimya kimya. Kichwa hakiumi, jasho halitoki. Mzee huendelea kulima, kuchunga mbuzi na kwenda kanisani, huku mabomba yakiliwa ndani.

Kutoka kijijini hadi mjini

Je, ugonjwa huu umekuwako tangu zamani? Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, C. P. Donnison, aliandika katika jarida la Lancet kuhusu hospitali aliyofanyia kazi huko Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya. Alieleza kwamba kwa muda wa kama miaka miwili, miongoni mwa wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa, hakukuta hata mmoja mwenye presha ya juu.

Baadaye, katika miaka ya 1980, watafiti waliwafuata vijana wa Kiluo waliohama kutoka vijijini karibu na Ziwa Victoria kwenda Nairobi kutafuta kazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Muda mfupi tu baada ya kuingia mjini, presha ya wahamiaji hao ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki nyumbani. Mkojo wao ulionyesha chumvi imeongezeka na potasiamu, madini yapatikanayo kwa wingi katika mboga, kunde na matunda, imepungua.

Msomaji wa mjini asidhani basi kwamba waliobaki mashambani wako salama. Siku hizi kijiji kimefuata mji. Katika uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015, karibu Mkenya mmoja kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 18 hadi 69 alikutwa na presha iliyopanda, na zaidi ya nusu ya watu walisema hawajawahi kupimwa presha hata mara moja maishani.

Chumvi ya visimani na chumvi ya sufuriani

Kitui na Makueni kuna jambo moja ambalo watu wa Kiambu au Kisii hawalijui sana. Maji mengi ya visima virefu huko yana chumvi. Ukiyanywa unaonja, sabuni haitoi povu, na chai ina ladha ya ajabu. Kwa mtu mwenye afya njema, maji hayo pekee huenda yasilete taabu kubwa. Lakini kwa mgonjwa wa presha, wa moyo au wa figo, chumvi hiyo huongezwa juu ya ile anayoila.

Wengine hudhani kuyachemsha kutaondoa chumvi. Sivyo. Kuchemsha huua vijidudu, lakini maji yanapopungua kwa mvuke chumvi hubaki, na hata huwa kali zaidi. Ushauri wangu ni kwamba nyumba yenye mgonjwa wa presha itenge maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati, au maji ya mchanga wa mtoni, kwa kunywa na kupika, na ya kisima chenye chumvi yatumiwe kufulia na kuoshea. Mabwawa ya mchanga yamesaidia sana kwa hili. Shirika la SASOL limeshirikiana na wanavijiji wa Kitui kujenga mamia ya mabwawa hayo tangu miaka ya 1990.

Hata hivyo tusilaumu kisima peke yake. Chumvi nyingi zaidi hutoka jikoni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa kilima. Hesabu basi: chumvi ya mboga, vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi, mkate, na ile inayonyunyizwa juu ya nyama choma pale Emali au Sultan Hamud basi linaposimama. Na usisahau magadi. Akina mama wengi huyatia kwenye muthokoi au maharagwe ili yaive haraka. Magadi nayo ni sodiamu, ile ile iliyomo katika chumvi. Heri kuloweka nafaka usiku kucha.

Jambo la kufurahisha ni kwamba chakula cha asili cha Ukambani ni rafiki wa moyo: mbaazi, kunde, ndengu, mtama, wimbi, maembe na mapapai. Kinachouharibu ni chumvi, mafuta ya kukaangia yanayotumiwa tena na tena, pombe ya kupindukia, sigara na ugoro. Wazee wanaonusa ugoro hujiambia kwamba hawavuti. Lakini nikotini ni ile ile, na hufanya moyo ugonge haraka na mishipa ijikaze.

Koo la mtoto, moyo wa mama

Sasa tuje kwa vijana, kwani magonjwa ya moyo si ya wazee tu. Kuna ugonjwa unaoanza na koo la mtoto wa shule na kuishia kwenye vali za moyo. Huitwa homa ya baridi yabisi.

Huanza hivi. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 anapata mafindofindo yaletwayo na bakteria fulani. Koo linauma, ana homa, tezi za shingo zimevimba, lakini hana mafua wala kikohozi. Akikosa matibabu, koo litapona lenyewe baada ya siku chache. Wiki mbili hadi nne baadaye, kinga ya mwili iliyokuwa ikipigana na bakteria hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Viungo vikubwa kama goti na kifundo huvimba na kuuma, maumivu yakihama kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Hayo hupona pia. Lakini vali za moyo, hasa ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto, hubaki na makovu. Mashambulio yakirudiwa, mlango huo hukakamaa usifunguke vizuri, au hukunjamana usijifunge.

Msichana mwenye ugonjwa huo huweza kukua bila mtu kujua. Anaposhika mimba, damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu, na moyo uliokuwa ukijikongoja hushindwa. Ndipo huletwa hospitalini akihema, hawezi kulala chali, na watu wakidhani ni pumu au uchovu wa mimba. Wengine hufa wakijifungua au siku chache baadaye. Na yote haya yangezuiwa na penisilini ya bei nafuu alipokuwa darasa la nne.

Kwa hivyo mtoto akiwa na koo la aina niliyoeleza, mpeleke zahanati, na akipewa dawa azimalize zote hata kama koo limepona siku ya pili. Yule ambaye amekwisha kuugua homa ya baridi yabisi huhitaji sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Sindano hiyo inauma, na watoto huikimbia. Mzazi asilegee. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zote zipambane na ugonjwa huu, maana umebaki kuwa ugonjwa wa maskini.

Vali ikiisha kuharibika kabisa, dawa yake ni upasuaji, na upasuaji wa moyo haufanywi katika kila hospitali. Hapa Kenya hufanywa mahali kama Hospitali Kuu ya Kenyatta na Mater jijini Nairobi, Moi mjini Eldoret na Tenwek kule Bomet. Kutoka mjini Kitui hadi Nairobi ni karibu kilomita 170, na anayetoka Tseikuru au Ikutha hana budi kuongeza safari nyingine. Ndiyo maana nasema koo litibiwe mapema, karibu na nyumbani.

Dalili zisizopaswa kungoja asubuhi

Maumivu ya kubana au uzito katikati ya kifua, yanayoenda kwenye mkono, shingo au taya, pamoja na jasho baridi na kichefuchefu, huenda ni shambulio la moyo. Wengi husema ni vidonda vya tumbo na kunywa maziwa. Mpeleke mtu huyo hospitali mara moja. Kama hana mzio wa aspirini na havuji damu popote, anaweza kutafuna aspirini ya miligramu 300 akiwa njiani.

Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukikosa nguvu au maneno yakikwama mdomoni, hicho ni kiharusi. Huyu usimpe aspirini wala kitu chochote cha kumeza, kwa sababu pengine mshipa umepasuka, na koo lake huenda halimezi sawasawa.

Maumivu makali ya ghafla, kama kitu kinachochanika kati ya mabega, kwa mtu mwenye presha, yanaweza kuwa aota inayopasuka. Kuhema ukipanda kilima kidogo, kulala kwa mito mitatu, na miguu inayovimba jioni ni dalili za moyo uliochoka. Hizo nazo zahitaji daktari, hata kama haziumi.

Dawa na gharama

Dawa za presha haziponyi ugonjwa, bali huuzuia, kama lijamu inavyomzuia punda. Ukiiondoa, anakimbia. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mgonjwa kuacha dawa kwa sababu "nimepona", au kugawana vidonge na jirani. Dawa za jirani huenda zikamdhuru mwenye figo mbovu. Vile vile, wanaomeza vidonge vinavyoongeza mkojo wajihadhari miezi ya jua kali: wasikae bila maji, na wakipata kizunguzungu au kuhara warudi kwa daktari kabla ya kuendelea na dawa.

Kuhusu pesa, Makueni ilijaribu njia yake mwaka 2016, ilipoanzisha mpango ambapo familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Tangu Oktoba 2024 bima ya taifa ni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF. Hakikisha wazazi wako wamesajiliwa kabla ya kuugua. Isitoshe, mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii walipewa mikoba yenye vifaa, mashine ya kupima presha ikiwa mojawapo. Waulize wazazi wako kama yule wa kijijini kwao amewahi kubisha hodi.

Ukienda nyumbani

Ombi langu kwako, msomaji, ni hili. Safari ijayo utakapopanda gari kwenda Mwingi, Mutomo, Wote au Kibwezi, pamoja na sukari na unga, beba mashine ya presha ya kufunga mkononi. Waketishe wazee kivulini dakika tano, wasiongee, miguu ikiwa imekanyaga chini. Wapime mara mbili tatu na uandike nambari kwenye daftari. Onja maji wanayokunywa. Tazama kama kuna magadi karibu na jiko. Uliza kama dawa walizoandikiwa zipo au ziliisha mwezi wa tatu, na kama zimeisha, pesa unazotuma kwa simu zitaje jina lake: hizi ni za dawa.

Kisha ujipime na wewe. Uliyehama ukaja mjini ndiye yule ambaye watafiti walimfuata.

Wiki ijayo tutazungumzia figo, jirani wa karibu wa moyo, na kwa nini daktari akikukuta na presha huomba kwanza mkojo wako.